Jokofu Lisilopona

Watu wakiniuliza dada yangu anaishi wapi, nilikuwa nawajibu: inategemea upepo. Wengine walicheka, wengine walinitazama kama mtu anayeficha aibu ya ukoo. Sikuwa naficha kitu. Dada na mumewe waliishi ndani ya mashua ya tanga, wakihama kisiwa hadi kisiwa, na mimi mwenyewe sikujua walipo mpaka simu iite nisikie upepo ukivuma kabla ya sauti yake.

Dada ni fundi wa kushona vitu vizito. Mimi nashona sare za shule na magauni, kazi ambayo yeye aliiita ya vidole laini. Yake ilikuwa makochi, maturubai, viti vya magari, na baadaye matanga. Tulianza wote kwenye karakana ya mama yetu, cherehani zetu zikitazamana, na tangu usichana mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba kochi linambana, alimwambia, "Kochi halijabana, wewe ndiye umenenepa." Na mteja alirudi mwaka uliofuata, kwa sababu mshono wa Dada haukuwahi kufumuka.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Mji mzima ulimwita Fundi Baridi. Mimi humwita shemeji, na nikimkasirikia humwita shemeji vilevile ila kwa sauti nyingine. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vidole virefu vyembamba na subira ya kukera. Aliweza kukaa mbele ya jokofu bovu asubuhi nzima, sikio mlangoni, akilisikiliza linavyohema, kabla hajagusa hata skrubu moja. Dada alimpendea hilo. Alisema mwanamume anayelisikiliza jokofu namna ile hatashindwa kumsikiliza mke.

Watoto hawakujaliwa. Walingoja, wakazunguka hospitali, wakachoka, na ndugu za shemeji wakaanza kumnong'oneza aoe mke wa pili. Aliwasikiliza wote kwa ile subira yake, akanywa chai yao mpaka ikaisha, kisha akarudi nyumbani akamwambia Dada, "Wamesema nioe. Nimewaambia nina kazi nyingi." Dada alikisimulia kisa hicho kila mahali, akicheka mpaka machozi. Lakini mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni nilijua kwamba chini ya kicheko kulibaki hofu moja tu, kwamba siku moja kazi zitapungua.

Mashua ilikuwa wazo lake Dada. Aliitwa kushona turubai la kuifunika kwenye yadi ya kutengenezea vyombo, mahali ambapo mwenye mashua alikuwa ameitelekeza, majani yameota chini yake na ndege wamejenga kwenye mlingoti. Alikwenda kupima kitambaa, akarudi nyumbani hajapima kitu. Ameingia ndani, amekaa, amejiona anaishi humo. Shemeji hakujua kuogelea, na alikuwa mtu wa kutapika hata kwenye feri iliyofungwa gatini. Alimtazama mkewe usoni, akauliza swali moja tu: "Humo ndani kuna mahali pa kuweka vifaa vyangu?"

Waliitengeneza miaka mingi, kila wakipata nafasi. Walipoishusha majini na kuaga, nililia kwa hasira. Nilimwona Dada ni mwendawazimu na shemeji ni mjinga anayemfuata mwendawazimu. Baadaye nilikwenda kuwatembelea, na nikanyamaza. Cherehani ya Dada ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye meza ya kulia chakula. Kitanda chao kilikuwa mbele kabisa, pembe tatu, kipana kichwani na chembamba miguuni, hivyo usiku miguu yao ilikuwa lazima ikutane hata kama walikuwa wamenuniana. Kila kitu kilikuwa na ndoano yake au mfuko wake wa turubai ukutani: vikombe, bisibisi, uzi, taulo. Ukiweka kijiko mahali pasipo pake, unafokewa na watu wawili.

Na riziki waliipata. Kwenye visiwa vile kila duka lina jokofu linaloharibika kwa chumvi, na kila chombo kina turubai linalochanika. Wakifika, shemeji anashuka na sanduku lake, Dada anabaki na cherehani. Yeye Dada ndiye aliyesoma ramani na kupanga njia, leo hapa, kesho kule. Shemeji alikamata usukani na kwenda alikoambiwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba katika mashua ya fundi wa majokofu hamkuwa na jokofu. Umeme wao mdogo wa jua ulikuwa wa taa na cherehani. Siku moja shemeji alimwomba waweke kadogo tu, ka kukaa chini ya ngazi. Dada alimcheka. "Miaka yote tunakunywa maji ya uvuguvugu, leo unataka ya baridi kama waziri?" Shemeji akacheka naye, na habari ikaishia hapo.

Sasa nieleze jinsi walivyokuwa wakitia nanga, maana ndipo mambo yalipokwenda mrama. Kutia nanga kunataka watu wawili. Mmoja anasimama mbele kabisa na nanga, anatazama maji, anaona mwamba uko wapi na mchanga uko wapi. Mwingine yuko nyuma kwenye usukani na haoni kitu zaidi ya yule aliyeko mbele. Upepo unavuma, injini inanguruma, kusikilizana hakuna. Kwa hiyo watu hupiga kelele, na kelele huwa matusi, na Dada aliniambia hakuna ghuba ambayo hajasikia mke na mume wakivuana nguo kwa maneno mbele ya mashua za watu. Wao mwaka wa kwanza walifanya hivyohivyo. Kisha wakakubaliana: kimya, ishara tu. Mkono ukinyooka kushoto, nenda kushoto. Ukinyooka kulia, nenda kulia. Viganja vikishuka, polepole. Ngumi, simama. Waliingia ghubani bila neno, mashua ikazunguka taratibu ikatulia, na watu wa mashua nyingine walitoka nje kuwatazama. Dada alijivunia hilo kuliko mshono wowote aliowahi kushona.

Halafu shemeji akaanza kuharibu. Mara hii Dada anyooshe mkono kushoto, shemeji aende moja kwa moja. Mara ile anyooshe mkono kulia, shemeji achelewe mpaka Dada aruke na kupunga kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Mwanzoni alimtania. Alimwambia uzee umeanzia kichwani. Ndani ya mashua nako shemeji akawa anagonga kila kitu, bega kwenye mlango, goti kwenye ngazi, kikombe anakipiga kumbo. Macho Dada hakuyafikiria hata kidogo. Angeyafikiriaje, na mtu huyohuyo anasoma maandishi madogo kama mchwa nyuma ya mota ya jokofu, na jioni anamtungia uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza bila kukosea?

Na kulikuwa na kisiwa cha Mama Barafu. Huyo alikuwa mwanamke mwenye duka la samaki na barafu, mjane, mwenye watoto, na jokofu kubwa kuliko yote ya visiwa vile. Shemeji kila mwezi alitaka waende huko. Jokofu la Mama Barafu linahitaji kuangaliwa. Jokofu la Mama Barafu linapiga mlio. Dada aliandaa njia, wakaenda, shemeji akashuka na sanduku, akarudi baada ya muda mfupi, macho mekundu. Mwezi ukapita, jokofu lile tena. Majokofu mengine yote ya visiwa yalipona kwa mkono wake mara moja, ila hilo.

Hofu ya zamani ya Dada ikaamka. Hakumuuliza. Dada yangu anayeweza kumwambia mteja amenenepa alishindwa kumuuliza mumewe swali moja, kwa sababu swali hilo lingeweza kujibiwa. Alichofanya ni kukisusa kisiwa. Alimwambia, "Kule hatutii nanga tena. Njia haituelekei." Shemeji akasema, "Sawa." Mvua zilikuwa zimekwisha wakati huo, na mpaka mvua nyingine zikaanza hawakukanyaga kisiwa kile. Dada alilihesabu lile "sawa" kuwa ushahidi. Mtu asiye na kosa, aliniambia, angebisha.

Alikuja karakanani kwangu asubuhi moja na begi moja, viatu mkononi. Mtu aliyezoea mashua akishuka nchi kavu hutembea kama sakafu inamkwepa, nami nilidhani ni hilo tu mpaka nilipomwona uso.

"Funga duka," akasema.

"Nina sare za shule nzima hapa, Dada."

"Watoto watavaa za mwaka jana. Funga."

Akanieleza amesimama. Walikuwa wanaingia bandari yetu. Yeye mbele, ananyoosha mkono kulia, maana kushoto kulikuwa na mashua ya watu, mpya, nyeupe. Mashua yao ikaenda mbele tu. Akageuka nyuma aone kama mumewe ameona.

"Alikuwa ananitazama, mdogo wangu. Usoni. Mkono wangu umenyooka kama kibao cha njia, na yeye ananitazama usoni na anatabasamu. Tukaikwaruza ile mashua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wenyewe wakatoka wakatutukana. Mtu anayekutazama unavyomwomba, na anatabasamu, na hafanyi. Huyo si ameshakuhama?"

Nikamwambia labda kuna maelezo.

"Maelezo yako kisiwa cha Mama Barafu. Twende tukayasikie. Kama ni kweli, nauza mashua, yeye abaki huko na watoto wake. Yule wa mwisho ana vidole virefu."

"Watoto wote wana vidole, Dada."

"Virefu, nimesema."

Nilifunga duka. Sitaki kusema uongo, nilikwenda na hamu ya vita. Nilivaa viatu vya kukimbilia, nikavua hereni. Njia nzima kwenye meli ya abiria nilikuwa nikiwapangia shemeji na yule mwanamke maneno kichwani, na mengine yalikuwa mazuri sana, naona uchungu hata leo kwamba niliyapoteza. Dada alikaa dirishani. Alikuwa anatazama maji ambayo kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuwa yeye anayepanga yapitwe vipi.

Duka la Mama Barafu lilikuwa chumba kirefu cha sakafu ya saruji, chenye maji kila mahali. Mizani ilining'inia mlangoni, kreti za samaki zimepangwa upande mmoja, na mwisho wa chumba lilisimama jokofu lenyewe, refu kama kabati la nguo, likihema polepole. Mwenyewe alikuwa mnene, mwenye aproni ya plastiki, anapiga barafu kwa nyundo. Dada alisimama katikati ya maji.

"Nimekuja kuliona hilo jokofu lisilopona," akasema.

Mama Barafu akaiweka nyundo chini. "Wewe ni mke wa fundi."

"Mpaka sasa hivi, ndiyo."

"Yuko wapi? Mzima?" Akajifuta mikono haraka kwenye aproni, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefumaniwa. Ilikuwa ya mtu aliyekaa na wasiwasi muda mrefu. "Nimemngoja mpaka nikasema labda bahari imemchukua. Msimu mzima hajaja. Vitu vyake vinakaribia kuharibika, nami sina namba yake, sijui nimuulize nani."

"Vitu gani?" nikauliza mimi.

Akafungua jokofu. Ukungu wa baridi ukatoka. Akasogeza vifuko vya barafu, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa, akatoa kopo la plastiki lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na viboksi vidogo vyeupe, vimepangwa kwa mstari, havijafunguliwa. Dada akachukua kimoja. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Yalikuwa matone ya macho.

"Nesi wa kliniki ya macho huzileta dawa hizi kwa meli," Mama Barafu akasema. "Zinataka baridi kabla hazijafunguliwa, na fundi aliniambia kwenye mashua yenu hamna jokofu. Kila akija anachukua moja. Anakaa pale kwenye kreti, anatia tone, anangoja macho yaache kuwasha, anaondoka. Jokofu langu halijaharibika hata siku moja tangu alipolitengeneza mara ya kwanza. Analifuta vumbi tu, kwa shukrani." Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaanza kuelewa, na uso wake ukalegea. "Mama, nilidhani unajua. Mke wa mtu atakosaje kujua?"

Dada alikaa kwenye kreti ileile, kwenye maji ya samaki, na gauni lake zuri alilovaa kwa ajili ya ugomvi. Nilimshika bega. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuvunja nyumba, nikabaki kama mtu aliyeingia msiba wa watu kwa makosa. Mama Barafu akatufungia lile kopo ndani ya barafu, akalitia kwenye mfuko. Alikataa kushukuriwa.

Kwenye meli ya kurudi Dada alilipakata kopo lile mapajani. Barafu ikayeyuka ikamlowesha mpaka magotini. Nikamwambia alitue chini, akasema hapana.

Tulimkuta shemeji ndani ya mashua, ameinama mezani, anafungua mota ndogo kwa bisibisi nyembamba. Alisikia hatua zetu, akageuza kichwa chote, kama ndege anavyogeuza, mpaka akatupata. Kisha akaliona kopo mikononi mwa Dada. Akaiweka bisibisi kwenye mfuko wake ukutani. Hata wakati ule aliirudisha mahali pake.

"Kwa nini hukuniambia?" Dada akauliza.

"Ungeuza mashua."

"Ningeuza!" Dada alipiga kelele mpaka vikombe vikalia kwenye ndoano. "Ningeiuza siku ileile!"

"Ndiyo maana," shemeji akasema.

Akatueleza kidogokidogo, na ilikuwa kazi kumtoa maneno. Ni presha ya macho. Aliigundua wakati Dada amekuja kumzika mama yetu, naye akabaki peke yake kwenye kisiwa kikubwa chenye kliniki. Pembeni kunakufa kwanza, katikati kunabaki. Ni kama kutazama ndani ya bomba, alisema, na ndani ya bomba kila kitu ni safi, skrubu anaiona, sindano anaiona. Aliambiwa atie dawa kila siku maisha yake yote na asikamate tena usukani. La kwanza alilikubali. Alipiga hesabu zake kwamba katikati kutadumu mpaka wawe wazee, na Dada achoke bahari mwenyewe.

"Na nilipokikataa kile kisiwa?"

"Nilidhani ni msimu mmoja tu. Nilidhani utarudi."

"Ungesema neno moja."

"Ungeniuliza kwa nini."

"Nilidhani una mwanamke!" Dada akasema. "Nilidhani umepata mtoto kule!"

Shemeji alianza kucheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, Mama Barafu yule anayemfokea akikanyaga sakafu yake kwa matope. Kisha akamsogezea uso mkewe, akamtafuta mpaka akampata, akaona kwamba hacheki, na kicheko chake kikakatika. "Mimi?" akasema. "Baada ya miaka yote hii?"

Nilitaka kumpiga. Nisameheni, lakini nilitaka kuwapiga wote wawili, huyu kwa upole wake wa kijinga na yule kwa kiburi chake, watu walioweza kuingia ghuba nzima bila neno wakadhani na maisha yote yatakwenda hivyohivyo. Nikatoka nje nikalilia huko, kwa sababu ndani hakukuwa na nafasi.

Kliniki tulikwenda watatu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mkweli, asiyependa kuzungusha. Akampima, akampima tena, akasema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki ni kidogo sana na dawa itajitahidi tu. Alikuwa anamwambia shemeji. Dada ndiye aliyeuliza.

"Ile miezi ambayo hakutia dawa. Ndiyo iliyochukua?"

Nesi alitazama kadi iliyokuwa mbele yake. Nadhani alimwona Dada alivyoshika ukingo wa meza. "Ugonjwa ungeendelea hata hivyo," akasema. "Lakini ile miezi, ndiyo. Imechukua mengi."

Dada akaitikia kwa kichwa. Hakulia pale, wala kwenye meli, wala siku alipowakabidhi mashua vijana wawili waliooana juzijuzi. Aliifungua cherehani yake mezani bolti kwa bolti, akaibeba mwenyewe.

Sasa wanakaa kwangu, chumba cha uani. Kwenye mashua shemeji hata asingeona kabisa angeishi, maana kila ndoano aliijua kwa mkono. Kwangu anagonga. Kuta zangu ziko mbali na mikono yake na milango haiko anapoitarajia. Hukaa kizingitini, na watu wakimletea pasi au redio anawatengenezea kwa kupapasa. Jioni Dada anamtilia matone, kwa saa, hakosei. Jokofu ninalo mimi, la jikoni, na rafu ya juu yote ni ya dawa hiyo, tena Dada huamka kuhakikisha mlango umefungwa. Haongei sana. Juzi mteja alilalamika kwamba mto wa kochi umekaa vibaya, na Dada akamwambia, "Samahani, nitaurekebisha." Mteja alinifuata pembeni akaniuliza kama dada yangu anaumwa.

Nilimwambia mara nyingi kwamba hakujua, na asiyejua hana kosa. Ananisikiliza, anasema ndiyo. Mimi naendelea kushona, naye anaendelea kushona, na cherehani zetu zinatazamana kama zamani.

Jana alasiri nilikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha la uani. Shemeji alikuwa ameketi kizingitini, na Dada anaanua nguo kwenye kamba. Nikamsikia shemeji akimwita, kwa sauti ya kawaida.

"Siku ile bandarini," akasema, "ulipokasirika kwamba nilikuwa natabasamu."

Dada akasimama, shuka mkononi.

"Ukiwa karibu nakuona vipande. Jicho, au mdomo. Lazima uende mbali ndipo uingie wote. Kwenye mashua ulikuwa ukienda mbele kutia nanga, uso wako ulikuwa unaingia wote, na mabega. Mikono haikuingia. Nilikuwa sijui kama umeinyoosha. Ukageuka, nikakuona. Ndiyo nikatabasamu."

Dada aliliweka shuka kwenye beseni. Alisimama mbele yake pale uani, katikati ya kamba za nguo, mikono imeshuka.

"Unaniona sasa?"

"Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma. Shemeji aligeuza kichwa taratibu, akatafuta, akasimamisha.

"Sasa?"

"Naona paji la uso. Rudi kidogo tena."

Alirudi, akapita chini ya kamba, akapita beseni, kinyumenyume, hatazami anakokwenda, anamtazama yeye tu. Mguu wangu uliacha kukanyaga cherehani.

"Sasa je?"

"Bado. Rudi."

"Nimefika ukutani," Dada akasema.

Uso wa shemeji ulikuwa bado umeelekea kule. Kisha akanyoosha mkono, kiganja wazi.

"Basi," akasema. "Njoo tu."